Kati ya Ruhusa na Haki: Karantini, Kafyu na Lugha ya Malalamiko katika Historia ya Kenya

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekuwa na mazoea ya kuwaachia wanasheria sheria na kuwaachia matabibu maradhi. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini unasahau kwamba amri ya serikali, kabla ya kuwa rungu mkononi mwa askari, huwa ni maneno. Hutungwa, husomwa hadharani, hufasiriwa na hupingwa kwa maneno. Kwa hivyo, historia ya amri ni sehemu ya historia ya lugha, na anayechunguza lugha ya malalamiko katika utanzu wowote wa fasihi hana budi kuichunguza pia lugha ya amri inayolalamikiwa.

Makala haya yanaangazia amri zilizotolewa nchini Kenya kwa sababu ya ugonjwa wa korona kati ya Machi 2020 na Oktoba 2021, pamoja na namna umma ulivyozilalamikia. Aghalabu manung'uniko ya kipindi hicho yameelezwa kwa njia mbili. Wapo wanaoyachukulia kuwa ukaidi wa watu wasioelewa hatari ya maradhi. Wapo pia wanaoyachukulia kuwa zao la njaa, wakitaja methali isemayo kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Maelezo yote mawili yana ukweli fulani, lakini hayatoshelezi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kiini cha malalamiko hayo kilikuwa hadhi ya haki ya kukusanyika na kuandamana. Tangu 1997, na hasa tangu kupitishwa kwa Katiba ya 2010, Mkenya anayetaka kuandamana hutoa taarifa, haombi ruhusa. Maradhi yaliirejesha ruhusa kimyakimya, kwa kutumia sheria na msamiati ulioachwa na ukoloni. Ili jambo hili lieleweke, ni lazima historia ianzie mbali kuliko Machi 2020.

Karantini na Ramani ya Mji

Neno karantini lina asili ya Kiitaliano. Lilihusu siku arubaini ambazo merikebu zilitakiwa kungoja kabla abiria na shehena kuruhusiwa kuteremka. Katika pwani ya Afrika Mashariki neno hili ni neno la bandari: lilikuja na meli, likawahusu wasafiri na mahujaji, na baadaye likawahusu hata mifugo. Bara lilipanda kwa garimoshi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na baada ya muda mfupi mji huo mchanga ukakabiliwa na tauni.

Tauni ilipozuka mwaka 1902 katika Soko la Wahindi jijini humo, wakuu wa serikali waliamua kulichoma soko hilo moto. Uamuzi huo unastahili kutazamwa kwa makini. Kitabibu, ulikuwa na mantiki ya enzi yake, kwa kuwa panya na viroboto walijulikana kuandamana na tauni. Kisiasa, hata hivyo, uliweka kielelezo: maradhi yalitambuliwa kwa jina la mahali, mahali pakatambuliwa kwa jina la watu, na watu hao wakapokea adhabu kwa jina la tiba. Tauni ilirudi mara kadhaa katika mwongo uliofuata. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa mwaka 1913 kuchunguza hali ya usafi katika makoloni ya Afrika Mashariki, alipendekeza kwamba makazi na maeneo ya biashara yatenganishwe kwa misingi ya rangi. Hivyo hofu ya maradhi iligeuzwa kuwa ramani, na ramani hiyo ikaendelea kuonekana katika mpangilio wa Nairobi hata baada ya tauni yenyewe kusahaulika.

Ni katika mazingira hayo ndipo ilipotungwa Sheria ya Afya ya Umma, iliyoanza kutumika Septemba 1921, na ambayo ingali katika vitabu vya sheria za Kenya kama Sura ya 242. Imefanyiwa marekebisho mengi, lakini muundo wake ni ule ule wa kumpa afisa mamlaka ya kutenga, kufunga na kukataza. Kanuni za Aprili 2020 zilizomwadhibu asiyevaa barakoa hadharani kwa faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi 6 zilitungwa chini ya sheria hiyo.

Kutoka Kipande hadi Sheria ya 1950

Historia ya pili inayofaa kukumbukwa ni ile ya kudhibiti mwendo wa watu. Mwafrika mwanamume katika koloni la Kenya alilazimishwa kubeba kipande baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kipande kiliutangulia mwili wake: askari alikisoma kwanza, kisha ndipo akamtazama mwenyewe. Harry Thuku alipokamatwa tarehe 14 Machi 1922, miongoni mwa sababu zikiwa upinzani wake dhidi ya kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi. Tarehe 16 Machi umati huo ulipigwa risasi na watu zaidi ya 20 wakafa, akiwemo Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume kwa kutaka kutawanyika bila kiongozi wao. Tukio hilo ni mojawapo ya mizizi ya maandamano ya kisiasa nchini Kenya, na ikumbukwe kwamba lilihusu haki ya kwenda na haki ya kukusanyika kwa pamoja.

Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ilianza kutumika Juni 1950, wiki chache baada ya mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Nairobi uliofuatia kukamatwa kwa Fred Kubai na Makhan Singh. Sheria hii ndiyo iliyoweka masharti ya mikutano na maandamano, na ndiyo inayotoa mamlaka ya kutangaza kafyu. Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Kwa wakazi wa Nairobi na Mkoa wa Kati, kafyu ikawa sehemu ya maisha ya kila siku, sawa na kipande, msako na kijiji cha kulazimishwa. Katika msako mkubwa ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, maelfu ya watu walikamatwa Nairobi na kupelekwa kizuizini. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Sheria ya 1950 haikuondolewa.

Serikali huru iliirithi na kuitumia. Mfano unaowagusa zaidi wasomi wa fasihi ni ule wa Kamĩrĩĩthũ. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilianza kuigizwa Oktoba 1977. Mnamo Novemba mwaka huo leseni ya mkusanyiko katika kituo hicho ilifutwa, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mbinu iliyotumika ni ya kutazamwa: serikali haikuhitaji kuijibu tamthilia. Ilitosha kuifuta ruhusa ya watu kukaa pamoja wakaitazama. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, mkutano wa Kamukunji wa kudai vyama vingi ulikatazwa kwa hoja hiyo hiyo ya ukosefu wa leseni, na waliojitokeza wakatawanywa kwa nguvu. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini siku chache kabla.

Mageuzi ya 1997 yaliyotokana na mazungumzo ya vyama vya bungeni yaliondoa sharti la leseni. Badala yake, waandalizi walitakiwa kuwaarifu polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya mkutano au maandamano. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kikaikamilisha safari hiyo kwa kumpa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Tofauti kati ya kuarifu na kuomba inaweza kuonekana ndogo. Kihistoria ni pana kama umbali ulioko kati ya raia na mtwana.

Msamiati wa Amri

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kuanzia tarehe 27 mwezi huo, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza kutekelezwa nchini kote. Mwezi uliofuata, watu walikatazwa kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi, na vilevile katika kaunti za Kilifi, Kwale na Mombasa. Mei 2020 mitaa ya Eastleigh, Nairobi, na Mji wa Kale, Mombasa, ilifungwa. Msomaji wa historia ya 1902 hawezi kukosa kuona jinsi maradhi yalivyopewa tena jina la mahali, na jinsi wakazi wa mitaa hiyo miwili, yenye historia ndefu ya Wasomali na Waislamu wa pwani, walivyokuwa na sababu ya kuhisi kwamba ni wao waliotajwa.

Istilahi zilizoenea wakati huo zina mengi ya kueleza. Neno kafyu limetoka katika Kiingereza, nacho kililipata kutoka Kifaransa cha kale, ambako lilimaanisha kufunika moto wa jikoni usiku. Katika Kiswahili cha Kenya halina kumbukumbu ya jiko; lina kumbukumbu ya 1952, na kwa waliokuwa watu wazima wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, lina kumbukumbu ya mwaka huo pia. Waandishi wa habari waliotaka kuliepuka neno hilo la kigeni walisema "amri ya kutotoka nje," na wengine wengi wakasema "marufuku ya kutotoka nje." Kisarufi, usemi wa pili ni kinyume cha kilichokusudiwa, kwa kuwa kinachopigwa marufuku hapo ni kule kutotoka. Aliyeutii kwa neno lake angelazimika kuzurura usiku kucha. Kosa hili lilisemwa kila jioni kwa miezi 19 bila kumzuia yeyote kuelewa, na hilo lenyewe ni ushahidi kwamba umma haukuwa ukiisikiliza sentensi. Ulisikiliza sauti ya anayeamuru.

Karantini nayo ilipata maana mpya. Waliorejea kutoka ng'ambo walitengwa kwa siku 14 au zaidi katika hoteli, vyuo na mabweni, na kwa wiki kadhaa walitakiwa kujilipia gharama. Baadhi ya waliokamatwa kwa kukiuka kafyu nao walipelekwa karantini. Maana ya neno ilihama kutoka matunzo hadi kifungo, na mnamo Aprili 2020 watu walionekana wakiruka ukuta wa kituo kimoja jijini Nairobi kama wanavyotoroka mahabusu. Ilipofika Mei, serikali ilikubali kubeba gharama za waliowekwa katika vituo vya umma, lakini maana iliyokwisha kuota mizizi haikung'oka kwa tangazo.

Kinyume na hayo, neno barakoa lilipokelewa kwa urahisi. Hili ni neno kongwe la pwani, lililohusu kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiswahili na wa Kiarabu. Lilitolewa katika kabati la mavazi ya heshima likapewa kazi ya kitabibu. Lilifaulu, yamkini, kwa sababu lilikuwa na uso wa kibinadamu: mtu alijivika barakoa, ilhali kafyu alivikwa.

Kwa upande wa raia, maneno mawili yanahitaji kuzingatiwa. La kwanza ni maandamano. Mzizi wake, andama, una maana ya kufuata, kama inavyosemwa kuwa mwezi umeandama. Kuandamana ni kufuatana, mtu na mwenziwe, katika zefe, katika mazishi au katika njia ya kwenda kudai jambo. Hamna fujo ndani ya neno hilo. Fujo, ghasia na vurugu ni maneno yanayoletwa na taarifa rasmi. La pili ni haki. Katika Kiswahili neno hili hubeba kwa pamoja kile anachostahili mtu na uadilifu unaomhakikishia kukipata. Anayesema "haki yangu" hawezi kutenganisha stahili yake na uadilifu wa anayeitoa. Kwa hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili anapoambiwa kwamba haki yake imesimamishwa kwa muda, husikia kwamba uadilifu nao umesimamishwa kwa muda.

Malalamiko na Mahakama

Siku ya kwanza ya kafyu ilitoa picha iliyotawala kumbukumbu ya kipindi kizima. Alasiri ya tarehe 27 Machi 2020, saa kadhaa kabla ya muda wa kafyu kufika, polisi waliwapiga na kuwarushia gesi ya kutoza machozi abiria waliokuwa wakingoja feri ya Likoni, Mombasa. Watu walioamriwa kukaa mbalimbali walirundikwa pamoja na virungu, na walioamriwa kulinda pumzi zao wakaminywa pumzi. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao jijini Nairobi. Tarehe 1 Aprili, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa matumizi ya nguvu kupita kiasi. Hata hivyo, mapema Juni, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) ilieleza kwamba tangu kafyu ianze ilikuwa imepokea malalamiko 87, yakiwemo yaliyohusu vifo 15 na matukio 31 ya majeraha.

Chama cha Mawakili wa Kenya kiliwasilisha ombi katika Mahakama Kuu, na Jaji Weldon Korir akatoa hukumu tarehe 16 Aprili 2020. Mahakama iliiacha kafyu ikisimama, lakini ikasema kwamba nguvu zilizotumiwa kuitekeleza zilikiuka Katiba. Mkuu wa polisi alitakiwa kuchapisha mwongozo wa matumizi ya nguvu katika utekelezaji wa amri hiyo. Lakini kuna sehemu ya hukumu hiyo ambayo haijadiliwi inavyostahili. Jaji aliagiza kwamba mawakili na IPOA waingizwe katika orodha ya watoa huduma muhimu walioruhusiwa kutembea wakati wa kafyu. Orodha ya awali ilikuwa imekumbuka huduma nyingi, lakini haikuwa imekumbuka huduma ya kulalamika. Usiku, mtu aliyepigwa hakuwa na wa kumwita bila huyo aitwaye kuvunja sheria. Kwa agizo hilo mahakama ilikiri, ijapo kwa lugha ya kisheria, kwamba kulalamika ni huduma muhimu kama chakula na dawa.

Kejeli nyingine ilijitokeza tarehe 4 Mei 2020. Wakati ambapo wito wa serikali ulikuwa kukaa nyumbani, matingatinga yalibomoa makazi ya maelfu ya watu katika eneo la Kariobangi Kaskazini, Nairobi, katika msimu wa mvua. Wakazi walipoandamana walikabiliwa kwa gesi. Hapa amri mbili za dola moja zilipingana waziwazi: kaa nyumbani, na ondoka nyumbani. Aliyeandamana hakuwa ameikataa amri ya kwanza. Alikuwa akiidai itimizwe.

Kuanzia Juni malalamiko yaliyotawanyika yalipata umbo. Tarehe 8 Juni wakazi wa Mathare waliandamana kupinga mauaji yaliyohusishwa na polisi. Tarehe 7 Julai, miaka 30 kamili baada ya Saba Saba ya kwanza, wanaharakati wa vituo vya haki vya mitaani waliandamana Nairobi. Makumi yao walikamatwa na wengine wakatawanywa kwa gesi. Tarehe 21 Agosti maandamano mengine yalilenga tuhuma za ufujaji wa fedha zilizokusudiwa vifaa vya kupambana na korona katika shirika la serikali la ununuzi wa dawa. Siku hiyo hiyo madaktari wa Nairobi waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga miongoni mwa mengine. Mfuatano huu unabomoa dai kwamba waandamanaji walikuwa maadui wa tiba. Waandamanaji wa Agosti walikuwa wakidai kwamba fedha za tiba zifike kwenye tiba.

Kilele cha uchungu kilikuja mwaka uliofuata. Agosti 2021 ndugu wawili walikamatwa Kianjokoma, Kaunti ya Embu, kwa madai ya kukiuka kafyu, na wakapatikana wamekufa. Wakazi waliandamana, na mmoja wao akauawa katika makabiliano na polisi. Maafisa 6 wa polisi walishtakiwa kwa mauaji ya ndugu hao. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, na hivyo tarehe iliyoadhimishwa kwanza kwa kumbukumbu ya Hali ya Hatari ya 1952 ikawa pia tarehe ya kumalizika kwa kafyu ya korona.

Hoja ya Upande wa Pili

Haitakuwa haki kuyaacha maelezo haya bila kuikabili hoja ya watetezi wa amri. Korona haikuwa uzushi. Kwa takwimu rasmi, iliwaua zaidi ya watu 5,600 nchini Kenya, na mkusanyiko wa watu ni njia ya uambukizaji. Aidha, Kifungu cha 24 cha Katiba kinakubali kwamba haki nyingi, ikiwemo ya kukusanyika, zinaweza kuwekewa mipaka kisheria, ilmuradi mipaka hiyo iwe ya kiasi na yenye sababu. Kinga, wanasema, ni bora kuliko tiba.

Hoja hii ina uzito, na hakuna msomi makini anayeweza kuipuuza. Udhaifu wake umo katika mambo mawili. Kwanza, serikali haikutangaza hali ya hatari chini ya Kifungu cha 58, ambacho kingeilazimisha kurejea bungeni kuomba muda zaidi. Ilitumia Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1950, ambayo adui wake wa asili si kirusi bali umati. Chombo huchagua kazi yake: sheria iliyotungwa kutawanya umati iliendelea kuutawanya. Pili, kipimo hakikuwa kimoja. Ripoti ya mpango wa maridhiano ilizinduliwa tarehe 26 Oktoba 2020 katika ukumbi wa Bomas mbele ya hadhira kubwa, na mikutano ya wanasiasa ilisimamishwa baada ya hapo, Novemba 2020, wakati maambukizi yalipokwisha kupanda. Iwapo mkusanyiko ni hatari, ni hatari kwa mwenye jukwaa na kwa mwenye bango. Aliyeona mmoja akilindwa na mwingine akirushiwa gesi hakuhitaji shahada ya sheria kujua kwamba ruhusa ilikuwa imerudi.

Fasihi Iliyotangulia Tukio

Fasihi ya Kiswahili ya Kenya ilikuwa imekwisha kulieleza suala hili kabla halijatokea. Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi chake Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akafungwa mwaka uliofuata, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Alamin Mazrui naye alitiwa kizuizini mwaka 1982, na diwani yake Chembe cha Moyo ikatoka 1988. Wote wawili waliandika kutoka katika upweke wa kulazimishwa, na kazi zao zinamfundisha msomaji kutofautisha upweke wa mgonjwa na upweke wa mfungwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyovurugwa katika karantini za 2020.

Katika tamthilia, Kithaka wa Mberia aliichora nchi ya Butangi katika Kifo Kisimani, ambamo mtawala Bokono anamiliki visima, naye Mwelusi anateswa kwa kuwatetea wananchi. Tamthilia hiyo ya 2001 haikuwa na habari ya maradhi yoyote, lakini aliyeishi katika mtaa usio na mfereji, akaamriwa kunawa mikono kila mara, angeielewa bila mwalimu.

Mfano ulio karibu zaidi ni Kigogo ya Pauline Kea. Tamthilia hii ilikuwa ikitahiniwa katika shule za sekondari wakati shule zilipofungwa Machi 2020, na watahiniwa wa kidato cha nne waliorejea darasani Oktoba mwaka huo walikuwa wameishi nayo majumbani. Katika jimbo la Sagamoyo, Majoka analifunga soko la Chapakazi ambalo ndilo riziki ya watu, na Tunu na Sudi wanaongoza upinzani. Kinachoshtua katika tamthilia hiyo ni kwamba soko linafungwa kwa lugha ya usafi na maendeleo. Kwa hakika, Soko la Wahindi la 1902, mitaa iliyofungwa 2020 na Chapakazi ni soko moja katika sura tatu. Mwanafunzi aliyeuliziwa maudhui ya uongozi mbaya katika mtihani wa Machi 2021 alikuwa akijibu swali la fasihi na la historia kwa wakati mmoja, na pengine alijibu akiwa amevaa barakoa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba malalamiko ya umma dhidi ya amri za korona nchini Kenya yalikuwa sura mpya ya mjadala wa zamani. Mjadala huo ulianzia katika moto wa 1902, ukapitia katika kipande, mgomo wa 1950, Hali ya Hatari, jukwaa la Kamĩrĩĩthũ na uwanja wa Kamukunji, na ukaonekana kumalizika katika Katiba ya 2010. Maradhi yalionyesha kwamba haukuwa umemalizika. Haki iliyoandikwa katika Kifungu cha 37 iliendelea kuishi nyumba moja na Sheria ya Utulivu wa Umma, na hofu ilipobisha hodi, mwenyeji mkongwe ndiye aliyefungua mlango.

Kwa mhakiki wa fasihi, funzo lina pande mbili. Upande mmoja ni wa istilahi: kafyu, karantini na ruhusa ni maneno yenye kumbukumbu, na kuyatumia bila kuikagua kumbukumbu hiyo ni kuyaachia yaendelee na kazi yaliyoundiwa. Upande wa pili ni wa utanzu. Bango, ombi la mahakamani, wito wa mitaani na taarifa ya chombo cha kusimamia polisi ni matini za malalamiko zinazostahili kusomwa kando ya ushairi na tamthilia. Ubomozi wa Mei 2020, maandamano ya Julai mwaka huo na mauaji ya Agosti 2021 yameacha matini nyingi za aina hiyo. Zisipokusanywa na kuhakikiwa mapema, kipindi hicho kitasomwa na vizazi vijavyo kupitia gazeti rasmi la serikali pekee, na humo lugha ni moja tu, lugha ya amri.